Alama Nyekundu, Banda Sita

Mzee Kaviha aliiona alama ile Jumatatu asubuhi, alipotoka kumwaga maji aliyonawia uso. Ilikuwa ukutani mwa duka lake, upande wa kibaraza. Mistari miwili ya rangi nyekundu, imekatana. Kubwa, kama mkono uliokunjuliwa vidole.

Akasimama na karai lake. Akatazama kushoto, kwa Kache muuza samaki wa kukaanga. Ukuta hauna kitu. Akatazama kulia, saluni ya Jael. Hauna kitu. Akavaa viatu, akaitembea njia nzima, akienda upande huu na kurudi upande ule, polepole, kama mtu aliyeangusha ufunguo. Maduka arobaini na mawili. Arobaini na moja hayana alama. Lake linayo.

Shule hakwenda. Lakini ile haitaki shule. Mtu aliyekaa Kisauni miaka ya kutosha anajua rangi nyekundu ukutani inatangulia nini. Inalitangulia tingatinga.

Njia yao huitwa Banda Sita kwa sababu ilianza na mabanda sita, na pande zote mbili pori. Banda la nne lilikuwa la Kaviha na mkewe Dhahabu. Yeye alikuwa akisukuma mkokoteni soko la Kongowea, magunia ya vitunguu kutoka kwenye malori, na mkewe akishona nguo. Baadaye wakaliangusha banda wakajenga kwa mawe, wakapiga chokaa. Nyumba yao. Ardhi si yao. Wengi Mombasa wanaishi hivyo: umejenga juu ya kiwanja cha mtu, unamlipa kodi ya kiwanja, na siku akibadili nia, nyumba ni yako ila huna pa kuiweka.

Kwa hiyo Kaviha alikuwa na sababu ya kuogopa rangi.

Maneno ya rangi yalianza mwezi uliopita. Jael, mwenye saluni, mwanamke wa bara aliyekwisha kaa pwani miaka kumi na tano, ndiye mwenyekiti wa wenye maduka. Aliwaita wote wakae mbele ya saluni. Akasema wateja wanapita hapa bila kugeuka, wanakwenda duka kubwa la barabara kuu kwa sababu kule kunang'aa. Basi nao wang'ae. Mtaro uzibuliwe, taa zifungwe, miche ipandwe, na maduka yote yapakwe rangi moja, maziwa juu na buluu chini. Kuna kampuni ya rangi itatoa madebe sitini bure.

Watu wakapiga makofi. Kaviha akainua mkono.

"Anapata nini?"

"Nani, Mzee?"

"Huyo wa madebe. Anapata nini?"

"Jina lake litaandikwa pale mwanzo wa njia. Basi."

"Basi?"

"Basi, Mzee."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Kaviha hakucheka. Akanyanyuka, akabeba kiti chake mwenyewe, akaenda zake. Mtu hatoi madebe sitini ili aandikwe jina. Jina hata kwa mkaa linaandikika.

Na yeye alikuwa na jambo la mkaa ukutani mwake, ndilo lililomnyima usingizi.

Dhahabu naye hakusoma. Futi ya kupimia alikuwa nayo, ila namba zake hakuzijua, aliivaa shingoni kwa kuwa wateja hutaka kuiona. Kupima kwake kulikuwa kwingine. Mtoto anakuja kushonewa sare, Dhahabu anamsimamisha kibarazani, mgongo ukutani, "simama kama askari, usinionee haya," halafu anapiga mstari begani, mstari kwenye kiwiko, kiunoni, kwenye goti. Unene aliupima kwa macho, na hakukosea. Juu ya mistari anachora kitu cha nyumba ile. Nyumba ya Kache, samaki. Nyumba ya Jael, chanuo. Fondo wa kahawa, dele lenye mdomo mrefu. Mwaka unaofuata mtoto anarudi, anasimama palepale, anachorwa mistari mipya juu ya ile ya zamani. Kuna watoto walioanza na mistari ya magotini, leo wanaendesha malori ya makontena Kipevu, bandarini.

Mwanzo alichora kwa mkaa. Mvua za upepo zikawa zinafuta. Akaanza kukwaruza kwa msumari, chokaa ikawa na vidonda. Kila mwaka Kaviha alipaka chokaa nyumba nzima, na akifika pale anaruka.

Dhahabu alikufa mwaka jana, mvua kubwa zilipokuwa zinaishia. Kaburi liko nyumbani kwao, Bamba, mbali. Cherehani iko ndani, imefunikwa leso. Kaviha sasa anauza vifungo, zipu na uzi, na wanunuzi ni wachache. Asubuhi anatoa kiti, anakaa kibarazani karibu na ukuta. Hausemeshi. Anakaa tu.

Sasa ukuta huo ndio uliopigwa alama. Imepita katikati ya samaki na chanuo.

Saa tatu Fondo alifika na dele lake la kahawa. Walisukuma mikokoteni pamoja, zamani. Akaiona alama kabla hajaketi.

"Lo."

"Unaiona."

"Naiona. Na wengine?"

"Hawana."

Fondo akamimina kikombe, akampa. Akajimiminia chake. "Umemuudhi nani?"

"Niliuliza swali mkutanoni."

"Anapata nini."

"Hilo."

"Sasa ndiyo umejibiwa." Fondo akapuliza kahawa yake. "Kaviha, nisikilize. Duka lako ni la katikati. Mtu akitaka kujenga jumba la ghorofa hapa, ataanzia wapi? Mwisho? Ataanzia katikati! Wapake hawa wengine wafurahi, wewe wakuvunje, njia iwe imetengenezwa. Unaona ilivyopangwa?"

"Na Jael?"

"Jael ndiye nani? Si ndiye mwenyekiti?"

Jael alikuwa amekuja mlangoni Jumamosi. Alipiga hodi, Kaviha akanyamaza ndani. Alimsikia kwa ndara zake, lap, lap. Jumatatu hiyohiyo jioni akaja tena.

"Hodi! Mzee Kaviha, shikamoo! Uko?"

Kaviha alikuwa nyuma ya mlango, hatua mbili.

"Mzee, nina neno kuhusu ule ukuta wako. Nilitaka nikuambie mwenyewe."

Akashika pumzi. Neno kuhusu ukuta. Wabomoaji huleta notisi, wanataka sahihi au kidole gumba. Asiyefungua hajapokea. Asiyepokea hajakubali. Hilo alilijua.

"Haya, nitarudi," Jael akasema. Ndara zikaondoka.

Jumanne alfajiri, muadhini akiwa bado anakohoa kwenye kipaza sauti, Kaviha alitoka na chupa ya mafuta ya taa na kitambaa cha shati lake kuukuu. Alilowesha, akasugua. Rangi ilikuwa bado changa, ikatoka kwa shingo upande. Aliposugua alichunga sana asiguse samaki wala chanuo. Palipobaki wekundu akakwangua kwa kucha. Kazi ikachukua muda kuliko alivyodhani. Kulipopambazuka ukuta ulikuwa na doa la waridi tu, na harufu ya mafuta ya taa.

Akaweka kiti mbele ya doa, akakaa. Akakaa kutwa. Chakula alikula hapohapo. Jael alipita akamwamkia, akaitikia "marahaba" akitazama upande wa mtaro. Mgongo wake ulikuwa umebandikwa ukutani kama mtoto anayepimwa.

"Mzee, tunaweza kuongea kidogo?"

"Nina kazi."

Jael alitazama mikono yake mitupu. "Kazi gani, Mzee?"

"Hii."

Mwanamke akatabasamu, kisha tabasamu likakosa pa kukaa. "Basi ukimaliza," akasema.

Mwisho wa njia mafundi walikuwa wamekwisha anza. Mkubwa wao ni Kyalo, kijana Mkamba mrefu mwenye kofia ya gazeti. Walikuwa wanashuka, maduka matano kwa siku. Kaviha aliwahesabu kutoka kitini. Kwa kasi ile wangefika kwake Ijumaa.

Akaona kukaa hakutoshi. Alama inaweza kufutwa, lakini aliyetuma alama yupo. Na kama kiwanja kimeuzwa, mtu mmoja angejua: wakala wa mwenye ardhi, ambaye ofisi yake iko kisiwani, ng'ambo ya daraja la Nyali. Jumatano Kaviha alivaa kanzu ya kaki, ile aliyoshonewa na mkewe kwa ajili ya harusi ya mtoto wao Mapenzi, akafunga mlango kwa kufuli mbili. Akamwambia Fondo, "Niangalizie."

"Nakwenda wapi mimi?" Fondo akajibu.

Kwa wakala alikaa kwenye benchi mpaka adhuhuri ikapita. Waliomkuta wakaingia, wakatoka. Alipoitwa, wakala alifungua faili moja, akafunga, akafungua jingine.

"Hakuna kilichouzwa, Mzee."

"Hakuna?"

"Kiwanja ni kilekile na mwenyewe ni yuleyule. Nani amekuambia kimeuzwa?"

Kaviha akafikiri. Hakuna aliyemwambia. "Alama," akasema.

"Alama gani?"

"Si kitu, bwana."

Njiani alijiambia wakala hawezi kusema kweli. Kisha akajiambia huenda amesema. Alipofika Banda Sita alasiri, bado alikuwa hajachagua.

Harufu ilimpokea kabla ya kitu kingine. Rangi mbichi. Na si mwisho wa njia. Hapa.

Kiti chake kilikuwa kimesogezwa, kimefunikwa gazeti kwa ustaarabu. Ukuta ulikuwa maziwa juu, buluu chini, umenyooka, unang'aa. Vijana wawili walikuwa wanaosha brashi kwenye ndoo. Kazi ya mwisho wa njia ilikuwa inamsubiri fundi wa umeme, basi vijana wakaletwa katikati wasikae bure.

Hakukuwa na samaki. Hakukuwa na chanuo, wala dele, wala mstari hata mmoja.

Kaviha alishika nguzo ya kibaraza, akakaa juu ya gazeti la kiti bila kuliondoa.

"Nilikwenda kidogo tu msalani," Fondo alikuwa anasema. "Wallahi, Kaviha, msalani tu. Narudi nakuta wamekwisha fika kiunoni. Nikawapigia kelele. Wanasema wametumwa wapake kila ukuta usio na alama."

Kaviha aliinua kichwa. "Usio na nini?"

Ndara zikasikika. Jael alikuwa anakuja mbio kutoka barabara kuu, kaboksi la taa kwapani. Alipouona ukuta akaliacha chini katikati ya njia.

"Kyalo! Kyalo, njoo hapa!"

Kyalo akashuka kwenye ngazi yake kule mbali, akaja akifuta mikono.

"Nilikwambia nini kuhusu ukuta huu?"

"Uliniambia tuuruke, mama."

"Nilikwambia mara ngapi?"

"Mara mingi. Ndiyo nikaweka alama mwenyewe, Jumapili jioni, nyekundu, kubwa. Vijana waione waupite." Akautazama ukuta kama mtu anayemtafuta mtoto sokoni. "Niliweka hapa. Naapa niliweka."

"Iko wapi?"

"Sijui, mama."

"Hujui! Ukuta wa Mama Dhahabu. Binti yangu amepimwa hapa tangu darasa la kwanza. Nilikwenda kwa mzee mara tatu nimweleze asiogope, na wewe kazi yako ilikuwa moja tu, kuruka ukuta mmoja. Kusanya brashi zako. Leo umemaliza Banda Sita."

Watu walikuwa wamekwisha kusanyika. Kache alikuja na mwiko wa mafuta mkononi. Alisimama akitafuta samaki wake kwa macho, akaweka kiganja mdomoni.

Fondo aligeukia vikombe vyake, akaanza kuvipanga. Vilikuwa vimepangwa tayari.

Kaviha alitazama kucha zake. Zilikuwa nyekundu pembeni, zile mbili za mkono wa kulia, pale mafuta ya taa hayakufika. Kyalo alikuwa ameinama, anaokota brashi moja moja, shingo imelegea. Hakuna aliyejua. Ila Fondo, aliyeiona alama ile Jumatatu, na Fondo hatasema. Mtu angeweza kukaa kimya, na kukaa kimya ndiko alikokujua kuliko kitu chochote.

"Mwacheni," akasema.

Hawakumsikia. Akasimama.

"Mwacheni kijana. Nimeifuta mimi."

Jael akageuka. "Nini, Mzee?"

Akainua mkono, akawaonyesha kucha. "Jumanne, alfajiri. Nilidhani mnakuja kunivunja."

Mafuta ya Kache yalikuwa yanachemka peke yake kule dukani.

"Lakini nilikuja, Mzee," Jael akasema, sauti imeshuka. "Nilibisha hodi."

"Nilikuwa ndani."

"Ulikuwa ndani?"

"Nyuma ya mlango."

Jael akakimbilia saluni, akarudi na ndoo na mataulo. "Bado ni mbichi! Inatoka kwa maji hii. Kache, shika hili, tusugue upesi."

"Acheni," Kaviha akasema.

"Itatoka, Mzee!"

"Na mkaa utatoka nayo."

Mikono ikasimama na mataulo yake. Ni kweli. Hakuna maji yanayochagua.

Kyalo ndiye aliyesogea, na brashi zake bado mkononi. Aliinama akautazama ukuta kwa upande, kama fundi anayetafuta palipobonyea. "Mzee," akasema, "hapa kuna mkwaruzo. Ngoja. Na hapa. Rangi haikujaza."

Kaviha akamsogeza kwa kiwiko. Aliweka kidole juu ya rangi mbichi. Kikateleza, kikateleza, kikaingia kwenye mfereji mwembamba. Akaufuata. Ulishuka, ukapanda, ukashuka, meno ya chanuo. Chini yake mstari wa bega. Mwingine juu yake, na mwingine.

"Mwanao huyu," akamwambia Jael. "Weka kidole."

Jael akaweka kidole nyuma ya cha mzee. Akaufuata mstari mpaka mwisho.

"Na mimi?" Kache akauliza. "Mzee, samaki wangu?"

Walimtafuta. Mkia ulipatikana, na jicho moja. Kichwa kilikuwa cha mkaa. Dele la Fondo lilipatikana lote, hata mdomo, naye akalipapasa huku akisema, "Ah, alinipendelea, alinichora mwembamba." Watu wakacheka kidogo, wakaogopa, wakaona mzee hajakasirika, wakacheka tena. Wengine wakaja kutafuta vyao. Vidole vikaacha alama kwenye rangi kila mahali, na Kyalo alitazama kazi yake ikiharibika.

Watu walipopungua Fondo akamsogelea. "Na chako, Kaviha? Lile gurudumu la mkokoteni. Lilikuwa huku juu, sivyo?"

"Lilikuwa."

"Tafuta basi."

Kaviha hakuinua mkono. Alikumbuka siku ile. Dhahabu alimpima kwa kanzu hii hii ya kaki, akachora gurudumu, akatafuta msumari aukaze mchoro. Yeye ndiye aliyemzuia. Msumari wa nini? Hao wengine huondoka wakarudi baada ya mwaka. Mimi niko hapa kila siku, utanipima upya. Dhahabu akacheka, akauweka msumari chini.

"Langu lilikuwa la mkaa," akasema.

Fondo akakitazama kikombe chake. Akammiminia kahawa, akampa.

Kyalo hakufukuzwa. Jael alimwambia aupake sehemu ya chini tu, na kule juu penye vidole paachwe palivyo. Kampuni ya rangi ikaandikwa jina mwanzo wa njia, herufi kubwa, na Kaviha alipopita aliwauliza vijana mara mbili kama wana hakika ni jina tu.

Alhamisi asubuhi alikuwa ndani, anakuna kucha zake kwa kipande cha limau, aliposikia ndara. Lap, lap. Zikasimama.

"Hodi, Mzee. Shikamoo."

Kaviha akaliweka limau chini. "Nani?"

"Ni Jael."

"Umekuja peke yako?"

"Niko na binti yangu. Sare ya shule imembana, Mzee. Nikaona, cherehani ipo, na Kache anajua kushona kidogo. Ila hatujui kumpima. Nikasema wewe uliona miaka yote."

Alisimama nyuma ya mlango, hatua mbili. Akatafuta kosa katika maneno yale, akaligeuza hivi na hivi. Kisha akaenda kwenye kasha la vifungo, akachukua msumari, akafungua.

"Msimamishe pale," akasema. "Mgongo ukutani."